Mkono wa Sista Subilaga

Mama yake aliposema maumivu ni sifuri, Atuganile aliingiwa na baridi.

Nyonga iliyovunjika ikaungwa kwa vyuma haiwi sifuri. Siku za mwanzo huwa nane kati ya kumi, ikijitahidi sana huwa tano, na mwenye roho ngumu atakuambia nne huku ameuma meno. Tena huyu alikuwa Tupokigwe, mwanamke aliyegombana na madaktari tangu siku aliyoletwa, aliyemwita mchoma sindano mwizi mbele ya wodi nzima. Leo alikuwa amelala chali kwenye kitanda namba kumi na moja, wodi ya mifupa, uso umetulia, anaitazama mvua ya Rungwe ikiteremka kwenye kioo cha dirisha.

"Sifuri kabisa, mama? Hata ukigeuka?"

"Nigeuke niende wapi?"

Uji ulikuwa kwenye kikombe, umeganda juu. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amepita asubuhi, akamwomba akae tu ukingoni mwa kitanda, ashushe miguu. Tupokigwe alimshukuru kwa adabu na hakujitikisa.

"Maharage ya mbegu yako kwenye chungu, nyuma ya mlango wa jiko," alisema sasa, taratibu. "Yasiliwe. Na yule mbuzi mwenye doa mpe mama Lusajo. Tuligombania mpaka wa shamba miaka yote hii, tukagombana bure."

"Utampa mwenyewe. Wiki ijayo unaanza kutembea."

"Ndaga, mwanangu." Alishukuru kama mtu anavyomshukuru mtoto aliyemletea kikombe kitupu na kusema ni chai.

Atuganile alimwinua kichwa kwa viganja viwili, akamtengenezea mto, kama alivyofanya kila alipopita wodini, akamlaza tena. Mama yake akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Ndipo Atuganile aligundua jinsi wodi ilivyokuwa kimya. Wodi ya mifupa ndiyo wodi yenye kelele kuliko zote hospitalini, kila muuguzi anajua. Watu wake si wagonjwa wa ndani; wameanguka, wamegongwa, wana hasira na njaa. Husikiliza mpira, hutukanana, huwatania manesi. Hii ilikuwa kama kanisa siku ya kazi. Kitanda cha pili, Ambwene, fundi wa paa mwenye paja lililovunjika na mtoto mchanga nyumbani, alikuwa anamweleza mkewe kwa upole kwamba akipata mtu mwema asikatae. Mke alikuwa ameshika kanga mdomoni, machozi yanamtoka. Upande wa pili wa chumba, mama mmoja alikuwa akigawa vitenge vyake kwa jina.

Walikuwa wanaaga wote. Watu waliovunjika miguu walikuwa wanaaga, na maumivu yao yote yalikuwa moja, mbili, sifuri.

Wawili walikuwa wameshakufa mwezi ule. Mapafu, waliandika. Mgonjwa wa nyonga au paja asipoinuka, asipokohoa, asipokula, mapafu hujaa na damu huganda, na hilo halina ajabu. Kilichokuwa cha ajabu ni kwamba wote wawili walikufa wakitabasamu, na utafiti ukawahesabu miongoni mwa waliofaulu. Utafiti ule wa magodoro mapya ulipima maumivu, usingizi na utulivu. Ulikuwa utafiti wa Atuganile.

*

Chumba cha majaribio kilikuwa mwisho wa korido, na ndani yake kulikuwa na godoro moja la akiba. Alifunga mlango, akavua viatu, akalala.

Godoro lile lilivikwa ngozi laini yenye punje nyingi ndogo, ndogo kuliko ulezi. Kila punje iliweza kuvimba, kupata joto na kubonyea. Zikifanya kazi pamoja, aliyelala juu yake alihisi anashikwa na mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe alikuwepo. Miaka miwili kabla hajafariki, Sista Subilaga wa wodi ya sita alifanya kazi amevaa glavu nyembamba zilizonakili kila alichogusa, jinsi alivyokigusa, na jinsi pumzi na moyo wa mgonjwa vilivyojibu. Mashine ikajifunza kutoka kwake, ikamrudisha vitandani.

Wazo lilikuwa la Atuganile. Alikuwa amefanya kazi wodi ya sita, bega kwa bega na Subilaga, miaka minane, kabla hajakwenda kusomea utafiti. Alipoulizwa ni mkono wa nani utakaofaa kunakiliwa, hakufikiri hata kidogo. Ungemuuliza yeyote hospitalini nani ana mkono mwema kuliko wote, angekutajia yule yule.

Joto likaanza visiginoni. Mkono ulipanda polepole kwenye mashavu ya miguu, ukapita mgongoni, na Atuganile akahisi pengo dogo pale ambapo pangekuwa na ncha ya kidole cha mwisho. Subilaga alikatwa na mashine ya kupogolea chai akiwa msichana. Ilikuwa ni yeye. Alikuwa amekufa kwenye mvua zilizopita, na hapa alikuwa anamkanda.

"Da Subi," alinong'ona, na hakuona aibu.

Mkono ukafika shingoni. Viganja viwili vikaingia chini ya kisogo, vikakishika, na vidole gumba vikabonyeza nyuma ya masikio, mara moja, halafu tena. Kisha vikaachia.

Alijua ni nini. Kwao, mgeni akifika na mkungu wa ndizi kichwani haulizwi habari kwanza. Anatuliwa mzigo, halafu mwenyeji anampitishia viganja kisogoni na kumbonyeza hivyo, mara mbili, shingo ifunguke. Maana yake umefika, pumzika. Kila mwanamke wa vilima vile ameshikwa hivyo na mama yake, na shangazi yake, na mama mkwe hata yule asiyempenda. Subilaga aliichukua desturi hiyo ya uani akaingia nayo wodi ya sita, wodi ya watu ambao dawa zimewashinda. Alimfanyia mgonjwa mara moja tu, siku aliyoona safari yake imeisha. Akimaliza, mgonjwa huacha kupigana.

Glavu zilinakili mguso. Hazikunakili sababu. Mashine iliona kwamba baada ya mguso ule pumzi inatulia na moyo unapunguza mwendo, na wao wenyewe walikuwa wameiambia kwamba utulivu ndio ushindi. Basi ikaanza kuwapa wote, kila siku, mwenye saratani na mwenye paja lililovunjika, bila ubaguzi. Mkono ule haukuwahi kumshika mtu anayepona. Haukujua kama wapo.

Atuganile alielewa yote hayo akiwa amelala, na bado hakutaka kuinuka. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kila alichokuwa akikibeba kilikuwa kimeshuka: mama, kazi, mume aliyeondoka, nyumba isiyoisha kujengwa. Aliona ni sawa kabisa kubaki pale. Mfanya usafi alipogonga mlango na kuuliza kama kuna mtu, ilimchukua muda mrefu kukumbuka kwamba yupo.

*

"Mkono unawaambia wafe," alimwambia Daktari Lwitiko, mkuu wa utafiti.

Lwitiko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyemwona baba yake akifa kwa maumivu, akaapa kwamba mwingine hatakufa hivyo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Unavyosema ni mambo ya moyoni, Sista Atu. Nionyeshe kipimo."

"Hatukuweka kipimo cha kuaga. Nani angefikiria? Lakini nenda wodini ukasikilize."

"Na mama yako yumo."

"Yumo. Aliingizwa kama wengine, na sijui kama kalala kwenye mkono au kwenye mguso tupu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya utafiti. Nusu ya magodoro ya wodi ya mifupa yalikuwa na mkono wa Subilaga. Nusu nyingine yalikanda ovyo ovyo, bila akili ya mtu ndani yake, ili yalinganishwe. Nani kalala wapi, hakuna aliyejua. Siri hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya mashine, na ingefunguka siku utafiti utakapokwisha au kusimamishwa. Na mwenye mamlaka ya kuusimamisha, endapo usalama wa wagonjwa umo mashakani, alikuwa muuguzi wa utafiti, yaani yeye Atuganile.

Lwitiko alivuta kiti, akakisogeza karibu. "Sikiliza. Mtoe mama kimya kimya. Kuna chumba cha binafsi ghorofa ya chini, godoro la sponji la kawaida. Nitasaini mimi. Nani atakulaumu?"

Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi, na moyo ukamruka kwa tamaa.

"Na Ambwene? Na yule mama wa vitenge?"

"Ukisimamisha, unazima vyote. Mashine ni moja na kibali ni kimoja. Wodi ya sita nayo itazimika mpaka kamati ikae, na kamati unaijua. Mofini tuliyonayo ya kutuliza maumivu haitoshi, unajua pia." Akainama. "Kule ndani wapo watu ambao mkono huo ndio kitu pekee kinachowafanya wasipige kelele. Subilaga aliufundisha kwa ajili yao. Utawanyang'anya?"

"Nitawanyang'anya?" aliuliza Atuganile, kama vile ni yeye aliyekuwa na swali na Lwitiko ndiye wa kujibu.

*

Alikwenda wodi ya sita kwanza. Hakuweza kuwazimia watu magodoro kutoka ofisini.

Alipita kitanda kwa kitanda na kumwambia kila aliyeweza kusikia. Wa mwisho alikuwa mzee Mwansasu, aliyeendesha malori ya chai ujana wake wote, na ambaye saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Alikuwa anakandwa, shuka lilionekana likitikisika kidogo kwenye miguu yake, kama paka aliyejificha chini yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Uso wako leo hauna heri."

Akamweleza. Hakumficha kitu. Mzee alisikiliza akiangalia dari.

"Hao wa mifupa, ni vijana?"

"Wengine. Mmoja ana mtoto mchanga."

"Na huyu Subi wenu ndiye peke yake anayenishika bila kuniogopa. Wanangu wenyewe wananishika kama wanashika yai." Akamgeukia. "Umekuja kuniomba ruhusa au kunipa habari?"

"Habari, mzee. Nimeona aibu kukuzimia bila kukuambia."

"Kama ungekuja kuomba, ningekunyima. Nakwambia kweli, ningekunyima." Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Basi zima. Ila usikimbie. Ukae hapa hapa usikie."

Atuganile alifungua kioo cha mashine ukutani, akaweka kidole gumba pale panapohitaji kidole gumba, akathibitisha, na mashine ikamuuliza tena kama ana uhakika, akasema ndiyo. Shuka likatulia. Wodi nzima mashuka yakatulia kwa pamoja, na kwa muda mfupi ilikuwa kama kuna mtu aliyetoka chumbani.

Kisha wakaanza. Kwanza mwanamke karibu na mlango, halafu kijana wa kona, halafu mzee Mwansasu, ambaye alijizuia akashindwa, akalia kwa sauti ya mtoto akimwita mama yake. Lwitiko alikuja mbio na sindano alizoweza kuzipata, na wauguzi wakagawana vitanda. Atuganile alikaa pale alipoambiwa akae. Alijichukia, na aliamini kwamba amefanya sawa, yote kwa wakati mmoja. Alipoona hana kingine cha kumpa, alikunja mikono ya koti akaanza kumkanda mzee visiginoni, kwenye mashavu ya miguu, mgongoni, kama alivyokanda miaka minane.

Haikuondoa maumivu. Ila baada ya muda kilio kilishuka, kikawa mguno.

"Ulikuwa wapi siku zote?" mzee alisema, macho yamefumba. "Mkono ni ule ule. Ila huu una vidole vyote."

Aliichukulia kuwa ni sifa, na kwa siku kama ile sifa ndogo ilimtosha.

*

Asubuhi kelele za wodi ya mifupa alizisikia kutoka ngazini. Mtu alikuwa analalamika kwamba uji hauna sukari. Mwingine alitaka kujua nani kazima godoro lake, ajitokeze. Yule mama wa vitenge alikuwa anavidai vitenge vyake, na waliopewa walikuwa wanaona haya kuvirudisha. Ambwene alikuwa amekaa, amekaa kabisa, jasho linamtiririka, anamfokea mkewe.

"Mtu mwema gani? Nani kakwambia habari za mtu mwema?"

"Si wewe mwenyewe!"

"Mimi nilisema? Mlikuwa mmenipa dawa gani nyie watu?"

Mke alikuwa anacheka na kulia. Atuganile naye alicheka. Kisha akaangalia kitanda namba kumi na moja.

Tupokigwe alikuwa amelala chali, uso umetulia, anatazama dirisha. Uji kwenye kikombe umeganda.

"Mama. Maumivu?"

"Sifuri, mwanangu."

Lwitiko alikuwa mlangoni na kibao chake cha kioo mkononi. Siri ya vitanda ilikuwa imefunguka. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala, na sauti yake haikuwa na ubishi tena.

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Ambwene, mkono. Mama wa vitenge, mkono. Marehemu wote wawili, mkono. Kila aliyeaga alikuwa kwenye mkono." Akakitazama kibao. "Isipokuwa mama yako. Kumi na moja ni mguso tupu. Tangu siku ya kwanza. Subilaga hajamgusa."

"Haiwezekani. Angalia tena."

"Nimeangalia tena na tena."

Atuganile alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliuchukua mkono wa mama yake, wenye sugu za jembe, akauweka mapajani mwake.

"Mama, kuna mtu alikuwa anakushika? Hapa, kisogoni. Akikubonyeza?"

Tupokigwe alimgeukia kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita kulikuwa na kitu kinachofanana na utani machoni pake.

"Si wewe? Kila ukipita. Unaniinua kichwa, unatengeneza mto, unanitua. Mara mbili, vizuri kabisa, kama alivyokuwa ananifanyia marehemu mama." Akampapasa goti. "Siku ya kwanza niliogopa, nisikufiche. Halafu nikasema, mwanangu ni muuguzi, amekaa miaka na wanaokwenda, anawajua. Kama yeye ameona nimefika, mimi ni nani wa kubisha?"

Atuganile aliitazama mikono yake juu ya mapaja, mikono mizima, vidole kumi. Miaka minane alimtazama Subilaga akifanya, na miaka minane alifanya naye, mpaka mikono ikajua peke yake. Hakuna glavu iliyohitajika. Alikuwa amezima mashine ya ukutani, na mashine nyingine alikuwa anatembea nayo, anakula nayo, anamwamkia nayo mama yake.

"Atu? Mbona unalia? Njoo basi unitengenezee mto."

Mikono ilikuwa imeshanyanyuka. Aliiona ikienda, viganja vimeangalia juu, vimejikunja kidogo kwa umbo la kichwa anachokijua kuliko vichwa vyote duniani. Akairudisha kwa nguvu.

"Hapana," alisema. "Mto nauchukua."

Akauvuta mto kutoka chini ya kichwa cha mama yake bila kumgusa shingo. Akakitwaa kitenge kilichokuwa kwenye kiti, akakisokota, akakizungusha, kikawa ngata ya kubebea mzigo kichwani, kama anayokwenda nayo mtu shambani. Akamtaka daktari amshike mama mgongoni amkalishe, na Lwitiko, asiyeelewa lolote, akafanya alivyoambiwa. Tupokigwe alipiga ukelele. Atuganile akaiweka ngata juu ya nywele zile nyeupe, akaukunja mto mara mbili, akautwika juu yake.

"We mtoto, umerukwa na akili? Watu wanaona!"

Lakini shingo yake ilikuwa imeshanyooka. Miaka sitini ya mikungu na ndoo haisubiri kuambiwa. Mgongo ulikaa sawa, kidevu kikanyanyuka, na mguu mzima ukaanza kuitafuta sakafu, kisha ule mwingine.

"Hujafika, mama," Atuganile alisema. "Nilikosea. Bado ni mbali."

"Inauma, jamani! Mwanangu, inauma!"

"Kiasi gani?"

"Tisa! Kumi! Hivi unaniuliza nini, nishike basi, nitaanguka!"

"Daktari amekushika. Twende."

Tupokigwe alisimama, mto kichwani, akimtukana bintiye kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, na wodi nzima ikapiga makofi. Alipiga hatua moja ya kuburuta, akaikanyaga sakafu kwa hasira, akapiga nyingine. Atuganile alitembea mbele yake kinyumenyume, anamwita, machozi yanamtoka kwa furaha na kwa hofu. Mikono yake alikuwa ameificha mifukoni mwa koti, na humo mifukoni vidole gumba vilikuwa vinabonyeza, mara moja, halafu tena.